Simu Iliyopita Bila Kuulizwa

Kwako Dada mpenzi,

Natumai waraka huu unakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Sisi hatujambo, na neno hilo leo naliandika kwa shukrani kubwa kuliko unavyodhani.

Kwanza nikushukuru kwa maneno yako makali. Ulipokuja likizo nilikuomba upige namba ya kuita gari la wagonjwa, ile tunayoihudumia kazini kwangu, tuijaribu. Ukasikia kimya, ukakata, ukaniuliza kama mtambo wangu wa kupokea simu umelala. Nilinuna, lakini ulinifungua macho. Kila simu ilipoingia, mtambo ulikuwa unaiuliza kwanza seva nyingine, kupitia mtandao, kama namba ile ni ya wasumbufu. Ukisubiri jibu, hausogei. Simu za nyuma nazo zinapanga foleni kimya kimya.

Nikapendekeza mtambo utume swali uendelee na simu nyingine, na jibu lisipokuja ndani ya sekunde moja, mpigaji aunganishwe tu. Bosi wetu, tunayemwita Hakiki kwa kuwa hata chai huikagua kabla ya kuinywa, alikataa katakata. Alisema wapiga simu za utani watatufurikia na mgonjwa wa kweli akose nafasi. Hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililonisumbua. Mwishowe alikubali shingo upande, akaniambia mambo yakiharibika nisingoje kufukuzwa.

Wasumbufu waliongezeka kweli, mpaka wapokeaji simu wakawa hawanisalimii. Hakiki akaamua kwamba Jumatatu turudi kwenye utaratibu wa zamani. Kabla Jumatatu haijafika, asubuhi moja ile seva nyingine ikazimika kabisa. Simu zikapita bila kuulizwa; kwa utaratibu wa zamani zingekwama zote.

Sasa, Dada, kaa chini. Mojawapo ilitoka nyumbani. Baba alianguka bafuni, moyo. Jirani yetu fundi cherehani alipiga, akapokelewa papo hapo, na gari likafika. Daktari alituambia, “Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine.”

Hakiki aliufuta mpango wake wa Jumatatu, akaja hospitali kumwona Baba, akaikagua na dripu. Nililia mbele yake bila aibu.

Baba mwenyewe ndiye aliyetukataza kukwambia mpaka atembee. Jana ametembea hadi getini, akinigombeza kwa kumshika mkono. Asante, Dada, kwa kutojua kusubiri. Anasema usipige kunifokea kwa kukuficha. Piga umsalimu, atapokea mwenyewe.

Wasalimie wote hapo.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye mtambo uliolala