Sitapunguza Maandishi ya Simu Yangu

Kwa binti yangu Wawira,

Shosho, bibi yako, anakusalimu, bado anakaa pale mlangoni akiota jua na kuuliza kama huko Ujerumani mnapewa uji. Baba yako anakusalimu, goti limemwachilia kidogo. Ndugu yako Mugendi anakusalimu, na mke wake, na katoto kao ambako kameota jino. Hata yule ng'ombe wa madoa amezaa, ningemsahau ungenilaumu. Mimi mama yako niko salama, isipokuwa ule wasiwasi wangu wa siku zote: unakula? Unavaa ile sweta nzito?

Sasa nikwambie. Tangu uliponipigia simu ukilia, ukisema kile ulichoandika kazini kimeondolewa na unataka kuacha kazi uje nyumbani, sijatulia. Baba yako mdogo Nyaga alikuja Jumapili baada ya kanisa, akasema amekupatia kiti katika ofisi moja huko Embu mjini, na anataka jibu wiki hii. Akacheka kidogo. "Mama Wawira, hiyo ni kazi gani ya kuandika kitu halafu kinafutwa?" Nilimjazia kikombe chai, nikamwambia hicho kiti akikalie mwenyewe.

Kwa sababu mimi hiyo kazi naijua. Ulinieleza Krismasi tukipukuchua mahindi jikoni. Ulisema ndani ya kila simu kuna mashine ya kusoma kurasa za mtandao. Mwenye ukurasa anaandika maagizo, hii iwe kubwa, hii ikae kando. Wanaotengeneza hizo mashine wamekubaliana sheria moja, ili ukurasa utokee sawa kwa kila mtu, na wewe ni mmoja wa wanaoifundisha mashine kutii. Sehemu yako ilikuwa ya sisi wenye macho mabaya: tukikuza maandishi, mistari ijipange upya, isilaliane, na kile kitufe cha kubonyeza kisitoroke nje ya kioo.

Ukaniwekea ile mashine yenu ya majaribio kwenye simu. Wawira, nilisoma tangazo la kiwanda cha kahawa mwenyewe, mpaka mwisho, bila kumpa mtu simu. Nilikuona ukipangusa macho ukisingizia moshi.

Wiki iliyopita simu ikajibadilisha yenyewe, maandishi yakarudi kulaliana kama mbuzi kwenye pikapu. Nikajua kazi yako imetolewa hata kabla hujanipigia. Mugendi akasema nipunguze tu ukubwa wa maandishi. Nikakataa.

Unakumbuka kiwandani? Ulikuwa msichana mdogo. Tulibeba kahawa kutoka shambani, mgongo ukiniuma, karani akamwaga gunia letu kwenye turubai akaona mbichi zimechanganyika na nyekundu zilizoiva. Akasema tukachague upya, mbele ya watu wote. Wanawake wakatutania, ati sisi huchuma tukiwa tumefumba macho. Wewe ukakasirika, ukataka tuimwage yote mtoni.

Nikakwambia, "Kaa chini, chagua."

Tukachagua. Karani hakuwa amekosea, mbichi zilikuwamo. Lakini nyekundu zilikuwa nyingi, na jasho lilikuwa letu. Alipoangalia tena, akapima.

Basi umesema kazi yako iliharibu kurasa za watu wengine. Hizo ndizo mbichi. Zitoe. Gunia usimwage. Wakikurudishia tena, chagua tena. Na wakikuuliza ni nani anahitaji kitu kama hicho, wasomee barua hii, nimekubali isomwe na kila mtu huko kazini. Waambie mama yako hakumaliza shule ya msingi, macho yake yameisha, na hataki tena kusomewa.

Watu hapa wanadhani kwa vile naogopa ovyo nitakwambia rudi. Naogopa, ndiyo. Nikikuwaza peke yako kwenye hiyo baridi, chakula kinanishinda. Ukirudi kwa sababu umetukumbuka, mlango uko wazi na uji nitapika. Lakini kurudi kwa sababu umerudishiwa gunia, hapana. Hilo sikukuzalia.

Nitumie neno haraka, kabla ya Jumapili, maana Nyaga atakuja tena na chai nitampa ile ile. Nitumie mimi mwenyewe, usimpitishie Mugendi. Maandishi yangu sijayapunguza na sitayapunguza. Yakilaliana, nitayatenganisha moja moja mpaka nijue umesema nini.

Ni mimi mama yako,
nikikungoja hapa Karurumo.