Njia ya Polepole Imefungwa

Tarehe 3 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, au bado unauinamisha kwenye cherehani kutwa nzima? Mimi mzima, ila damu inachemka.

Kampuni yetu imeweka mtandao usio na waya hospitalini, ili mashine za mapigo ya moyo zipeleke taarifa mezani kwa wauguzi. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha njia mbili za kupakia taarifa kwenye mawimbi. Ya kwanza inashindilia mno. Karibu na antena inakimbia ajabu. Ya pili inabeba kidogo kidogo, lakini alama zinazobeba taarifa zimeachana mbali, hivyo kelele za hewani hazizivurugi.

Wodi ya watoto njiti iko nyuma ya kuta nene za chumba cha eksirei. Huko ile ya kasi ilikatika: mashine ikalia, mezani kimya. Ya polepole ilifika kila nilipoijaribu.

Vifaa vyenyewe vinaweza kuhamia ya polepole pale kasi inaposhindwa. Lakini mkurugenzi wetu kaifunga, maana ameahidi kasi kubwa kila chumba. Sasa anataka nisaini kwamba wodi zote ziko sawa.

Sisaini.

Mpwa wako

Tarehe 9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, sasa macho ndiyo yananisumbua.

Mkurugenzi kaja dukani. Unajua nilivyomwangukia mpaka akakuajiri. Anasema unamdhalilisha mbele ya wateja. Hayo mawimbi mimi siyaelewi, mama. Saini, mengine mtarekebisha polepole. Usinivunjie heshima.

Mjomba wako

Tarehe 12 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa macho. Hiyo "polepole" ndiyo aliyoifunga, mjomba.

Jana kanisukumia karatasi na kalamu mbele ya wenzangu. Nikamwambia, "Mlaze mwanao kwenye kitanda cha mwisho cha ile wodi, halafu nitasaini."

Amenifukuza. Matokeo ya majaribio nimemwachia muuguzi mkuu. Kama nimekuvunjia heshima, nisamehe. Kurudi nyuma sirudi.

Mpwa wako

Tarehe 2 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo? Unakula lakini? Nilinyamaza kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yako.

Halafu nikaenda hospitalini kujionea. Muuguzi mkuu alinisimamisha mlangoni mwa wodi. Vitoto vyenyewe vinaenea kiganjani. Akabonyeza kengele ya majaribio, tukaenda mezani, hakuna kitu. Wauguzi wanakesha kando ya vitanda kwa sababu hawaiamini ile mashine.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi ofisini kwa mkurugenzi. Nikamwambia, "Nilikuomba umpe kazi. Sikukuuzia mtoto wa dada yangu." Kitambaa cha suti aliyoniletea nimshonee nimemrudishia, hakijaguswa hata na mkasi.

Hospitali wakikuita, nenda.

Mjomba wako

Tarehe 8 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakula, usiwe na wasiwasi. Macho umempelekea daktari?

Hospitali wameniita wenyewe, vifaa ni vyao. Nilikuwa wodini nafungua ile njia mkurugenzi alipotokea mlangoni, akaniamuru nitoke. Muuguzi mkuu hakumgeukia hata kidogo. Akasema, "Atatoka akimaliza."

Nikamaliza. Kengele ikalia kitanda cha mwisho, na mezani ikalia. Pale mlangoni mkurugenzi aliisikia vizuri sana.

Leo katuma mtu: niombe radhi, anirudishe kazini. Nimemjibu sina la kuomba.

Mpwa wako