Mistari ya Hugues

Chiti rafiki yangu,

Nimetoka kusoma shairi nililoandika na marehemu Hugues, kwenye matanga yake. Dada yake, Orpha, akanisimamisha: "Wewe mushairi mukubwa, mulikuwa munaandika wawili. Nipe mistari yake tu."

Yake tu, Chiti.

Nikafungua kompyuta tuliyotumia mimi na Hugues. Ile programu ya kuandikia inahesabu maneno, inapaka makosa rangi, lakini mahali pa kuonyesha nani kati yetu aliandika nini, hakuna.

Nikamusomea Orpha ule mustari wa maji yanayoita watu kwa majina. Nikaapa huo ni wangu.

Orpha akasema polepole: "Ni vile mama alikuwa anatuambia mimi na Hugues tukiwa watoto kule Pweto, akitukataza kuingia ziwani."

Sijui tena mustari gani ni wangu. Nimefuta jina langu kwenye shairi, nikaacha la Hugues.