Kila Vitamini na Namba Yake

3 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, ila namkumbuka mno mwanangu Kibogoyo. Meno ya juu yameshatokeza? Na mgongo wako je, au bado unashona umejikunja kama jongoo?

Mama, nimepata kazi! Ni ya majaribio mpaka mwisho wa Aprili, lakini kazi ni kazi. Ofisi yetu inapokea chupa za vidonge vya vitamini na madini, zile za madukani, kutoka viwanda mbalimbali. Kila kiwanda kinaandika kinavyojua chenyewe. Sisi tunasoma nyuma ya chupa na kukipa kila kilichomo namba yake maalumu, namba ileile popote kitakapotokea. Hivyo mama wa watu akiwa na chupa mbili, muuguzi anajua kama anameza kitu kilekile mara mbili.

Nimepangwa na dada mmoja tunayemwita Miwani, maana anavaa mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Tunakaa tumepeana migongo. Kila mmoja anaisoma chupa ileile bila kumwuliza mwenzake, halafu mfamasia analinganisha. Tukitofautiana, anatuita.

Nikithibitishwa, nitapewa chumba changu na mtoto ataruhusiwa. Sasa hivi tumebanana wasichana watupu, mtoto hawamtaki hata kwa dawa. Nilelee kidogo tu, mama.

Mwanao,
Mama Kibogoyo

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba sana. Mgongo upo, haujaenda popote. Mwanao ana meno manne na anauma kila kitu, hata futi yangu ya kupimia wateja. Hilo jina la Kibogoyo sasa ni uongo mtupu.

Nimejitangaza kwamba binti yangu anazipa vitamini namba. Yule mwenye saluni akaniuliza, "Kwani zimefungwa jela?" Nikamwambia, "Nyamaza, nisije nikakushona huo mdomo."

Mtoto usimwogopee. Kanizoea mpaka ananiita mama. Nacheka, halafu namwambia mama yake yuko kazini. Fanya bidii, mwanangu. Bidii ya kweli.

Mimi mama yako

28 Machi

Mama,

Shikamoo. Samahani nimekaa kimya. Natumaini hamjambo. Mimi sijambo ya mdomoni tu.

Kazi inanishinda. Chupa moja imeandikwa vitamini B1, nyingine thiamini. Mimi nikazipa namba mbili, kumbe ni kitu kimoja! Nikakutana na asidi ya askobiki, nikaiombea namba mpya na kichwa juu, nikidhani nimegundua jambo. Kumbe ni vitamini C, tena ya kila siku. Mfamasia hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema polepole, "Mama Kibogoyo, ukiendelea hivi, Aprili ikiisha tutaagana."

Usiku nasikia hayo majina yananiita. Mimi shule yangu unaijua ilipoishia. Huenda nikarudi, mama. Ila kinachoniuma ni kwamba mtoto anakua na mimi simwoni.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tuna afya, ila barua yako nimeisoma nikaacha kushona. Urudi ufanye nini? Ukae hapa tutazamane?

Hebu nisikilize. Wewe unaniita mama. Kibogoyo ananiita kila linalomjia. Wateja wananiita fundi, baba yako mdogo ananiita shemeji. Mbona nikienda kupimwa presha hawapimi watu wanne? Ni mimi yuleyule, na huu mgongo wangu.

Lakini angalia pia upande wa pili. Huyu jirani aliyehamia majuzi, naye ni fundi, fundi wa mabomba. Mletee gauni lako uone atakavyolichomeka kwenye tundu la maji! Basi usiliamini jina peke yake. Uliza, huyu ni nani hasa, na anafanya nini?

Kula vizuri. Usilie kazini.

Mama

2 Mei

Mama! Kaa kwanza. Umekaa? Shikamoo, nyote hamjambo, haya, sasa sikiliza.

Nilianza kuuliza ulivyosema. Huyu ni nani? Nikageuza chupa, nikafungua mwongozo wa namba, nikauliza hata pale nilipojua. Tofauti zikapungua mpaka Miwani akasema, "We bibi, umemeza hizo vitamini au?"

Ikaja wiki ya mwisho, mfamasia akaweka jicho kwenye kila chupa yangu. Ikaletwa chupa ya watoto, mbele ina twiga anacheka. Kompyuta ikiijua chupa kwa jina, inakuletea namba za zamani, wewe unabonyeza "Kubali" na kusonga mbele. Nikamsikia Miwani nyuma yangu, tap! Kamaliza. Kidole changu kikabaki juu ya kitufe, sijabonyeza.

Nikageuza chupa. Mama, kiwanda kimebadilisha mchanganyiko! Zamani kilitia retinoli, ile vitamini A iliyo tayari, ambayo ikizidi mwilini inadhuru. Sasa kimetia beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili unaigeuza wenyewe. Mwongozo unazipa namba mbili tofauti. Na twiga ni yuleyule, anacheka vilevile.

Nikaogopa. Miwani yuko pale tangu ofisi inaanza. Nikitofautiana naye wiki hii, imekula kwangu. Lakini nikawaza mama mwenye mtoto kama wangu, anasoma tulichoandika na kutuamini. Nikafuta, nikaandika nilichokiona.

Tukaitwa. Mfamasia akaishika chupa, akaigeuza, akauliza, "Nani kakubali bila kugeuza?" Mimi nikatazama viatu vyangu. Miwani akainua mkono. "Mimi, bosi. Twiga kanichekea, nami nikamchekea." Ofisi nzima ikaangua kicheko! Akanigeukia, "Umenipiga chenga mchana kweupe, mdogo wangu," akanikumbatia mpaka miwani ya kichwani ikaanguka.

NIMETHIBITISHWA, MAMA! Barua ninayo, imegongwa muhuri. Chumba ninacho, kina dirisha linalofunguka. Nimepima kwa hatua zangu, kitanda cha pili kinaingia, na cherehani inakaa chini ya dirisha. Njooni wote wawili. Usinijibu "nitafikiria", nakujua.

Mwanao mwenye kazi,
Mama Kibogoyo

12 Mei

Mama mwenye kazi,

Marahaba! Barua yako nimeisoma kwa sauti mlangoni. Mwenye saluni alipiga vigelegele na mkasi mkononi, sasa kuna mteja wake mmoja amebaki na nywele za upande mmoja. Fundi wa mabomba aliuliza nani ameolewa. Nikamwambia, zaidi ya hapo.

Nikasema nitafikiria. Nimefikiria wakati chai inapoa. Cherehani imeshafungwa kwenye boksi, magauni ya wateja nimeyamaliza, na mwanao nimemvalisha viatu vya safari tangu asubuhi, hataki tena kuvivua.

Usiijibu barua hii. Jibu lako litakuta mlango umefungwa, na sisi tuko huko tunagonga wa kwako.

Mama