Usharika umeshukuru kwa mtihani ambao sijaufanya

Mpendwa Mama Oktavia,

Naomba unisaidie kabla wiki tatu zilizobaki kufikia mtihani hazijaisha, maana sina mwingine wa kumweleza. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, karani katika yadi ya mbao hapa Makambako, na mwaka mzima nimekuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri kujiandaa na mtihani wa kuingia chuo cha biashara, ambao tunaufanya watu mia tisa kwa nafasi sitini, na nyumbani sikumwambia mtu kwa sababu niliogopa kushindwa huku wananitazama.

Mwezi uliopita nilitumiwa mtandaoni barua ya kuitwa kwenye mtihani, nikaichapisha, na nilipokwenda kijijini kwetu Kifanya kumsalimia mama niliisahau mezani, naye akaiona. Imeandikwa kwa Kiingereza na yeye anasoma Kiswahili tu, lakini aliona jina langu na muhuri wa chuo, na enzi zao barua ya shule yenye muhuri ilimfikia aliyekwisha kuchaguliwa tu, basi hakuniuliza, akaenda kwa mchungaji, na Jumapili nikiwa nimekaa benchi la nyuma nikasikia naitwa mbele kwa sadaka ya shukrani, mama kamshika jogoo na machozi yanamtoka, na mchungaji akaniuliza kama nina neno. Nikasema, "Asanteni kwa maombi yenu." Ndilo neno nililosema, Mama Oktavia.

Baada ya ibada jogoo akanadiwa nje kama ilivyo kawaida yetu, na Mzee Anania, mzee wa kanisa, akamnunua kisha akanikabidhi mimi. "Mle huyu upate nguvu," akasema. "Na ukishakuwa meneja usitupite na gari tukiwa na viazi vyetu barabarani." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Sasa habari imefika kazini, na bosi wangu, Bwana Kasimiri, ameniagiza nianze kumfundisha kazi yangu Timoth, atakayeshika nafasi yangu. Jogoo nimemfunga uani ninapopanga, siwezi kumchinja. Nikifungua maswali ya mazoezi nasoma swali moja mara nne na namwona mama pale mbele. Nimefikiria nisiende kabisa kwenye mtihani, niseme chuo kimeahirisha masomo. Nifanye nini?

Karani, Makambako

Mwanangu karani,

Pole. Kuitwa mbele ya usharika mzima bila kutegemea, na mama yako analia, si jambo dogo. Huenda hata mimi ningesema asanteni. Lakini pole yangu inaishia hapo.

Usimlaumu mama kwa barua. Umejiandaa mwaka mzima bila kumwambia, akaokota kipande kimoja cha habari, akajaza kilichobaki kwa furaha yake. Sasa unataka kumwongezea uongo. Chuo kikiahirisha mwaka huu, mwakani utasema nini? Na hilo la kutokwenda liache leo hii. Ukienda unaweza kushindwa. Usipokwenda umeshashindwa, na maelezo bado utatakiwa kuyatoa.

Kesho asubuhi anza na Bwana Kasimiri, kabla Timoth hajazoea kiti chako. Mwambie umeitwa kwenye mtihani, hujachaguliwa, na unaomba kazi yako isubiri matokeo. Jumamosi panda gari uende Kifanya. Usimpigie mama simu. Kaa naye, mtafsirie barua mstari kwa mstari mpaka pale penye tarehe ya mtihani. Mwache aulize anachotaka, usianze kujitetea. Kisha mwende wote kwa Mzee Anania, awapeleke kwa mchungaji. Wazee wa kanisa wamesuluhisha makubwa kuliko haya. Jumapili usimame mwenyewe. Sema kwamba mtihani bado hujaufanya, ulinyamaza kwa woga, na unaomba wakuombee. Halafu ukae. Watakaokutania watakutania wiki moja, na wewe utabaki na muda wa kusoma swali mara moja likaeleweka.

Jogoo nenda naye, mkabidhi mama amtunze. Matokeo yakitoka, uwe umepata au umekosa, rudi Kifanya mmle pamoja.

Mama Oktavia