Swali la Kifungo Kuhusu Mashuka

Karakana ya Useremala,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kama maranda ya karakana hii. Mgongo umepoa? Na kile kikohozi cha mvuke wa chumba cha kufulia? Huku sote wazima. Mimi ndiyo usiseme: jana nimebeba mlango mzima kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika chai. Wifi yako anasema ulikuwa mlango wa kabati. Mwache.

Sasa habari za mwanao, Kifungo wetu. Mwalimu wao wa darasa la nne ameanzisha blogu ya darasa. Yaani kila mtoto anaandika jambo lake kwenye kompyuta ya shule, wenzake wanasoma, na chini yake wanaacha maoni. Sisi wa nyumbani tunapewa neno la siri, tunasoma kwa simu. Tulioishia darasa la sita tumefufuka!

Mara ya kwanza nilipoacha maoni, niliweka anwani, tarehe, nikaulizia afya ya watoto wote thelathini na wanane. Mwalimu akaniambia, "Mzee, huku tunaandika kwa ufupi." Nikamjibu, "Mwalimu, mimi siingii kwa watu bila kubisha hodi." Sasa darasa zima linaanza maoni kwa hodi. Nani kawafundisha?

Ila Kifungo kaniumbua. Unaikumbuka ile meza yangu waliyokaa wageni arobaini na nafasi ikabaki? Kaipima kwa futi, kaandika: "Mjomba anasema watu arobaini. Nimepima. Wanaenea sita." Mwenzake akamjibu chini: "Hodi. Labda walikuwa wembamba." Nilicheka hadi nyundo ikaniponyoka. Mwalimu anasema mtoto aliyekuwa hamalizi mistari mitatu, sasa anapima, anauliza, anafuta, anaandika upya.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni hiki. Unajua tangu uondoke, ukipiga simu anaipokea, anasema "shikamoo mama", kisha ananirudishia. Tulidhani amekukasirikia. Wiki tatu zilizopita kaandika haya, nanakili kama yalivyo:

"Mama yangu anafua mashuka ya hoteli mbali. Akipiga simu maneno yangu yanachelewa kuja, simu inakatika. Hapa naweza kufikiri kwanza. Mama, mvua ikinyesha mashuka yote hayo mnayaanika wapi?"

Tangu hapo, kila akitoka shule ananyoosha mkono aombe simu, anafungua, anatazama chini ya swali lake. Yapo maoni yangu tu. Juzi kaniuliza, "Mjomba, kwani mama hajui kusoma?" Nikakosa pa kuuweka uso.

Kosa ni langu. Mwalimu alinipa karatasi yenye anwani ya blogu na neno lako la siri, nikutumie siku ile ile. Meza ilikuwa inatikisika, nikaikunja karatasi, nikaisukumiza chini ya mguu wa meza. Ndiyo, meza ile ile. Nikasahau.

Nikukirie na lingine. Nilipoona anavyosubiri, nilianza kumjibu kwa jina lako. Unanijua, kwangu kutunga si kazi. Nikaandika hodi, nikaandika "mwanangu", vidole vikagoma. Uongo wangu wote ni wa kuchekesha. Huo ungekuwa wizi. Nikafuta. Halafu, kusema kweli, sijui mnaanika wapi.

Karatasi yenyewe ni hii, imekunjamana lakini inasomeka. Anakuletea mwenzako wa kazini anayerudi huko kesho. Usinipigie kunigombeza, mjibu mtoto kwanza. Hata mstari mmoja, wa mashuka tu. Mimi utanigombeza baadaye, niko tayari, nimekaa.

Wifi yako anakusalimu sana, na mama anauliza kama unakula au unadanganya kwamba unakula. Wasalimie wenzako wa zamu. Mungu akulinde, mikono yako isichoke kabla ya siku ya kurudi.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Fundi wa meza ya watu sita.