Mabuti ya Josiane

Jumamosi, 9 Agosti

Mkutano wa maonyesho. Jina lake: "Miili Yetu, Msitu, Uhuru." Mungu wangu! Isak, msimamizi wetu Mzungu, anatafuna bulle, kile kiandazi chao cha mdalasini, huku akitueleza kwamba sisi weusi "tunasikilizana na ardhi". Mimi nimekulia ghorofani Kariakoo! Wenzangu wakatikisa vichwa kama mijusi kafiri. Pearl, Mganda wa Jakobsberg, akiona nyuki anatimua mbio — naye ataleta picha zake amekumbatia msonobari. Puu!

Mimi napeleka mchoro niliomchora Dada Josiane, Mkongo, jirani yangu hapa Norsborg, Sweden. Yuko kwenye kishamba chake cha kukodi, jembe mkononi, mabuti ya mpira hadi magotini, lengalenga, mchicha wa kwao, imemfika kiunoni. Huyo ndiye mtu huru.

Jumatatu, 18 Agosti

Isak kaja kuuona. Kapenda mikono, kapenda majani. Mabuti — hapana. Eti yanamtenga na ardhi. Akiwa pekupeku napewa ukuta mkubwa, mkabala na mlango. La sivyo, sina nafasi. Alime yeye pekupeku tuone!

Jioni nikamsimulia Josiane, kama kichekesho. Hakucheka. "Papa Clement, mi nilikimbiaka vita miguu wazi, mu pori. Usinitoshe viatu."

Nikamwambia simvui, hilo halina hata mjadala. Akanifungashia lengalenga.

Jumapili, 24 Agosti

Miaka yote hii Sweden, sijapata hata ukuta wa korido. Na watazamaji wenyewe mbumbumbu, nani atajali miguu? Rangi ya kahawia nimeshaichanganya. Sijaamua lakini.

Ijumaa, 29 Agosti

Ufunguzi. Ukuta mkubwa! Watu wanalia — wanalia! — mbele ya vidole vya miguu. Bibi mmoja eti anausikia udongo ukipumua. Pumbavu. Nikampa mkono, nikasema asante.

Josiane sikumwalika. Pearl kamwalika, kiherehere chake. Kaja na kitenge chake cha kanisani, kasimama mbele ya mchoro. Kisha akauliza kwa sauti, ukumbi mzima ukageuka: "Papa Clement, huyu mwanamuke ni nani?"

Nikasema nimebanwa na haja. Naandikia chooni. Josiane bado anasema huko nje, sauti inapanda. Isak anagonga mlango, kafurahi kweli — anataka nitoke nimtafsirie, eti mchoro unasifiwa.